Neno "Late" na Ndugu Zake

Barua nyingi zinazofika vijijini kwetu kutoka maofisini, hospitalini na katika shule za juu huandikwa kwa Kiingereza. Mara nyingi msomaji wake ni mtoto wa shule aliyeketi mlangoni, na wazee wamemzunguka wakimsikiliza. Mtoto yule hayaogopi maneno marefu, kwa kuwa ameyakariri darasani. Yamshindayo ni maneno madogo ya wakati: "late", "soon", "in time", "on time", "o'clock". Kila moja huonekana jepesi kama punje ya mtama, nalo laweza kumpotezea mtu safari ya siku nzima.

Leo nataka kuyapima maneno hayo. Sikusudii kufundisha sarufi ya Kiingereza katika gazeti hili, bali kupinga makosa mawili yaliyo kati yetu sisi walimu. Kosa la kwanza ni desturi ya kumpa mtoto neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza, kana kwamba lugha mbili ni mizani, na kila jiwe la upande huu lina jiwe la kulingana nalo upande wa pili. Kosa la pili ni baya zaidi. Ni ile kauli isemwayo hata na watu waliosoma, kwamba Mwingereza amezaliwa na saa kichwani, bali Mwafrika hajui wakati, na ya kuwa lugha zetu zashuhudia hivyo. Mwenye kuyachungua maneno ya Kiingereza yenyewe ataona kuwa kauli hii haina msingi.

Tuanze na "late". Vitabu vya shule hulifasiri "chelewa", na mtoto hulishika hivyo maisha yake yote. Lakini katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, neno hili halikuwa la saa. Maana yake ilikuwa mzito, mvivu, asiyekwenda upesi, kama punda aburutaye miguu. Baadaye likahamia kwa jambo lijalo nyuma ya wakati wake, kisha likazaa watoto wasiofanana. "Last", yaani wa mwisho, ni mtoto wake. "Lately" maana yake ni siku hizi za karibuni. Akuambiaye kwamba hajakuona "lately" hakulaumu kwa kuchelewa. "Latest" limekwenda mbali zaidi, kwa maana "the latest news" si habari zilizochelewa, bali ni habari mpya kuliko zote. Na "late at night" ni usiku mwingi tu, wala hapana aliyechelewa hapo.

Kisha neno hili huwekwa mbele ya jina la mtu aliyefariki. Mwanafunzi mmoja alipewa tangazo la mazishi alifasiri, akaandika "Askofu aliyechelewa". Wenzake walicheka, lakini kosa lile halikuwa lake. Lilikuwa la yule aliyemfundisha neno moja kwa neno moja. Tangu karne ya 15 Waingereza wamelitumia "late" hivyo kwa maana ya mtu aliyekuwako juzijuzi, naye sasa hayuko. Neno letu "marehemu" lina njia nyingine. Lilitoka katika Kiarabu, na shina lake ni rehema: mtu aliyerehemiwa. La Kiingereza lahesabu muda, letu laomba. Basi afasiriye "late" kwa "marehemu" ametia sala ndogo ambayo haikuwamo. Si vibaya, mradi ajue afanyalo.

Hapa pana jambo lihusulo machozi ya watu, nalo sitaki kulipita upesi. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, watu wasemao Kiingereza husema "My father is late", maana yao kwamba baba amefariki. Mwenyeji wa Uingereza hasemi hivyo. Kwake, neno hili lenye maana ya kifo hukaa mbele ya jina tu, "my late father". Likikaa mwishoni, lasema kwamba baba hajafika bado. Fikirini yatima aliyesimama mbele ya mgeni, akaulizwa habari za baba yake. Ajibu kwa heshima kwamba baba ni "late". Mgeni atazame saa yake, aseme si kitu, tutamngoja. Hapana mwenye nia mbaya kati yao, lakini mtoto ameumizwa, na mgeni ataona haya siku atakapojua. Wako wasemao kwamba matumizi yetu nayo ni halali, kwa kuwa lugha hufuata wasemaji wake, nami sibishani nao. Lakini mwalimu amwambie mtoto kwamba ziko njia mbili, na ya kuwa mgeni aweza kuijua moja tu. Kunyamaza si kumlinda.

Sasa tutazame neno letu wenyewe. "Kuchelewa" latokana na "kucha", kama tusemavyo kumekucha. Aliyechelewa ni mtu ambaye mapambazuko yamemkuta: alikusudia kuondoka jogoo la kwanza, kumbe jua limemkuta mkekani. Basi ni nani awezaye kusema kwamba Kiswahili hakina habari ya wakati, na neno hili limezaliwa na alfajiri? Wazee wetu hawakuwa na saa ya ukutani, lakini walijua vema saa ya kuondoka, na aibu ya kukutwa na jua.

Tena tunalo neno "kukawia", nalo si sawa na "kuchelewa". Kukawia ni kutumia muda mrefu. Kuchelewa ni kupitwa na wakati uliowekwa. Ndiyo maana wahenga waliweza kusema "Kawia ufike", wakasema tena "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako", wasijipinge hata kidogo. Mithali ya kwanza yamsifu aendaye polepole akafika. Ya pili yamwonya aachaye wakati umpite.

Tofauti hii si mchezo wa maneno. Katika mfano wa wanawali kumi, Mathayo sura ya 25, Bwana arusi alikawia, bali wale watano wapumbavu walichelewa. Arusi ilikuwa yake, wala hapana awezaye kumfungia mlango. Lakini wale watano walikwenda kutafuta mafuta, wakarudi mlango umekwisha kufungwa. Mtoto aliyefundishwa kwamba yote mawili ni "late" atamhesabia Bwana arusi kosa lile lile la wanawali, na mfano wote utaharibika mikononi mwake. Kiswahili chetu chamkinga na kosa hilo, kama mwalimu wake hakukidharau.

Lakini haki ni haki, na mahali pengine Kiingereza chatushinda. Gari la moshi lifikalo dakika ile ile iliyoandikwa huwa "on time". Mtu afikaye stesheni kabla halijaondoka, hata kama apanda huku jasho lamtoka, yu "in time". Huyu wa pili twamwambia kwa neno moja: amewahi. Kwa lile la kwanza sharti tuseme maneno mengi, limefika saa ile ile iliyowekwa. Wao wanalo pia neno "punctual", lililotoka katika Kilatini, na asili yake ni nukta, kana kwamba mtu yule amesimama juu ya nukta yenyewe, hakuitangulia wala hakuipita. Ni neno zuri. Tujifunze maana yake, wala tusidhani kwamba lilizaliwa pamoja na Waingereza; wao nao walilipokea kwa wengine.

Sasa nafika penye ushahidi mkubwa. Kiingereza kina maneno mengi ya kuahidi kwamba jambo litatendeka karibu. Liko "soon", ambalo katika lugha ya kale lilikuwa na maana ya papo hapo. Liko "anon", ambalo maana yake nayo ilikuwa mara moja. Liko "presently", ambalo zamani lilikuwa sasa hivi. Liko "by and by", ambalo nalo lilikuwa mara moja, bila kukawia. Yatazameni leo. "Soon" ni karibuni, na karibuni hiyo yaweza kuwa wiki tatu. "Presently", kwa Waingereza wengi, ni baadaye kidogo. "By and by" ni hapo baadaye, hakuna ajuaye lini. "Anon" limezeeka, halisemwi tena ila kwa mzaha. Maneno manne, na yote manne yamekwenda njia moja, kutoka papo hapo hata baadaye.

Ni nani aliyeyasukuma? Hakuyasukuma mwanachuoni yeyote. Waliyasukuma watu wa kila siku, mume aliyeitwa chakulani, mtumishi aliyetumwa maji, fundi aliyeahidi viatu. Kila mmoja alijibu kwamba aja mara moja, asije mara moja. Na wasikiaji, baada ya kudanganywa vizazi vingi, wakaacha kuliamini neno, wakalipa maana ya yale waliyoyaona. Basi lugha ya Waingereza yenyewe yashuhudia kwamba babu zao walikuwa wakikawia kama babu zetu. Je, sisi hatufanyi vivyo hivyo? Mtu wa kwetu husema "sasa hivi" na hajaoga. Husema "nakuja" huku miguu yake yaenda zake. Kama hatukuangalia, wajukuu wetu watasema "sasa hivi" kwa maana ya kesho kutwa.

Mkristo asomaye Kiingereza lazima ayajue mageuzi haya. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611, ambayo wengi waipenda hata leo, yatumia "by and by" kwa maana yake ya kale. Katika Marko 6:25 binti yule aliomba kichwa cha Yohana Mbatizaji apewe papo hapo. Na katika Luka 21:9 Bwana asema kwamba mwisho hauji mara moja. Asomaye aya hii kwa Kiingereza cha leo ataielewa kinyume, adhani kwamba Bwana amekana kuwa mwisho utakuja baadaye. Neno moja dogo lililohama laweza kuipindua aya nzima, na mhubiri asiyejua atawapotosha watu kwa moyo safi.

Mtu ataniuliza: kama Waingereza walikuwa wakikawia, walijifunza wapi kushika saa? Jibu limo katika maneno yao. "Clock", yaani saa ya ukutani, latoka katika neno la Kilatini cha kanisa lenye maana ya kengele. Saa kubwa ya kanisa la Salisbury, ambayo yasemekana ni ya mwaka 1386, haina uso wala mishale. Kazi yake ni kupiga kengele tu. "Noon", yaani adhuhuri, latoka katika Kilatini cha saa ya tisa, ambayo watawa walisali kila siku alasiri. Polepole sala ile ikasogezwa mbele, hata kufika karne ya 14 jina la saa tisa likawa limekaa juu ya saa sita. Kengele za kanisa basi ndizo zilizowafundisha kwanza.

Mwalimu wa pili alikuwa gari la moshi. Zamani kila mji wa Uingereza ulifuata jua lake wenyewe, na saa za Bristol zilikuwa nyuma ya saa za London kwa dakika 10 hivi. Mwaka 1840 Kampuni ya Great Western ikaanza kuendesha magari yake yote kwa saa ya London, na kampuni nyingine zikafuata. Watu wa miji mingi walinung'unika, wakasema jua lao lilitosha. Sheria ya kuifanya saa moja kuwa ya nchi nzima haikutoka mpaka mwaka 1880. Basi kushika dakika si damu ya mtu. Ni mazoezi, nayo yaliletwa na kengele, reli na sheria. Lililofunzwa kwa mmoja laweza kufunzwa kwa mwingine.

Sasa habari ya "o'clock", ambayo imewapotosha wengi kuliko maneno mengine yote. Sisi twahesabu saa tangu jua kuchomoza na tangu kuzama. Waingereza wahesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Mzee mmoja wa usharika wetu aliitwa na ofisi moja kwa barua iliyosema "8 a.m.". Mjukuu wake akaisoma "saa nane". Mzee akaondoka mapema kwa miguu, akafika saa saba na nusu mchana, akafurahi moyoni kwamba amewahi. Akaambiwa kuwa amechelewa tangu asubuhi, na jina lake limeondolewa katika orodha ya siku ile. Akasikia na neno la kwamba wazee hawa hawajui wakati. Mzee yule aliijua saa yake vizuri kuliko wengi wetu. Wasioijua walikuwa wawili: aliyeandika barua bila kumfikiria msomaji, na sisi tuliomfundisha mjukuu tarakimu tusimfundishe saa.

Tena mtu asidhani kwamba hesabu yetu ni ya kishamba. Ni hesabu ya Injili. Roho Mtakatifu alipowashukia mitume ilikuwa saa tatu ya mchana. Petro alipanda darini kusali yapata saa sita. Bwana wetu alikata roho yapata saa tisa. Mwanakijiji asomaye Kiswahili hahitaji kufasiriwa lolote. Mwingereza sharti aambiwe kwamba saa tatu yake si hiyo, na tafsiri nyingi mpya za Kiingereza zimelazimika kuibadili hesabu. Wanayo mithali yao ya kutenda jambo "at the eleventh hour", iliyotoka katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Wengi wao huitumia bila kujua jua lilikuwa wapi. Sisi twajua mara moja: ni saa kumi na moja, vivuli vimekuwa virefu, imebaki saa moja tu ya kazi, na mwenye shamba angali akiita watu.

Wala tofauti hii si ya akili. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo lafaa kuwa mwanzo wa hesabu. Mjini London mchana wa mwezi wa Juni hupita saa 16, na ule wa Desemba haufiki saa nane. Watu wa nchi kama hiyo wangehesabu tangu jua kuchomoza, wangechanganyikiwa. Kila taifa limepima kwa jua lililopewa.

Liko neno moja tena ambalo vijana wetu walipenda sana, "deadline", yaani siku ya mwisho ya kupokea jambo. Asili yake ni ya kutisha. Mwaka 1864, katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, palikuwa na gereza la mateka huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ukuta wake wa magogo uliwekwa mstari, na mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi. Huo ndio mstari wa mauti. Baadaye wachapaji wa magazeti wakalichukua neno kwa ajili ya saa ambayo baada yake habari haipokelewi. Kiswahili husema "siku ya mwisho", nalo latosha. Halina haja ya bunduki.

Basi ndugu walimu, nawashauri mambo matatu. Kwanza, tusimfundishe mtoto neno la wakati pekee yake. Tumpe sentensi nzima, na kila sentensi ifasiriwe kwa neno la Kiswahili liifaalo: kuchelewa, kukawia, kuwahi, karibuni, marehemu. Pili, tumfundishe kanuni ya saa sita kabla hajaruhusiwa kumsomea mzee barua. Saa ya Kiingereza ikizidi sita, aondoe sita. Isipozidi, aongeze sita. Kisha aseme kama ni asubuhi, mchana au usiku. Tatu, mtu akichelewa tumwambie kwamba amechelewa, tusimwambie kwamba kabila lake lote halijui wakati. La kwanza laweza kumrekebisha. La pili humvunja moyo, tena si kweli.

Nanyi wazazi, msione vibaya kumwuliza mtoto mara ya pili: "Saa hiyo ni ya Kiingereza au ya kwetu?" Swali hilo halimwaibishi mtu. Na sisi sote tulitunze neno "sasa hivi", tulitamke pale tu tunapokuwa tayari tumesimama. Waingereza walikuwa na maneno manne kama hilo, wakayapoteza kwa sababu waliyasema wakiwa wamekaa.